Kupoza koili za kupokea katika MRI ya kichwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mafundi wa vifaa tiba, wanafizikia wa hospitali na wanafunzi wa uhandisi wanaotaka kujua kama koili ya kichwa iliyopozwa itawapa picha bora za MRI (upigaji picha kwa sumaku na mawimbi ya redio). Hesabu tumeziweka wazi ili uzirudie kwa koili yako mwenyewe. Pasipotajwa kiini kingine cha atomu, tunazungumzia haidrojeni.

Kupoza koili kunasaidia nini hasa?

Koili ya kupokea ni waya unaonasa ishara ya redio kutoka mwilini, na kila waya wenye ukinzani hutoa kelele ya umeme kwa sababu elektroni zake hutikiswa na joto. Volteji ya kelele hiyo hufuata kipeuo cha pili cha ukinzani ukizidishwa kwa halijoto ya kelvini. Ukiipoza shaba unapata faida mbili kwa pamoja: halijoto inashuka, na ukinzani nao unashuka.

Tuchukue nitrojeni ya maji, inayochemka kwenye 77 K, yaani nyuzi −196 za Selsiasi. Kutoka 293 K ya chumbani, halijoto imeshuka mara 3.8. Ukinzani mahususi wa shaba safi hushuka takriban mara 8, lakini hiyo 8 huipati yote. Katika masafa ya redio mkondo hupita kwenye ngozi nyembamba ya juu ya waya. Kwa 64 MHz, shaba ya joto la chumbani ina ngozi ya mikromita 8 tu. Shaba inapopitisha umeme vizuri zaidi, ngozi hiyo inazidi kukonda, kwa hiyo ukinzani wa koili hushuka kwa kipeuo cha pili cha 8, yaani mara 2.8. Zidisha 3.8 kwa 2.8: nguvu ya kelele ya shaba imepungua karibu mara 10.7, na volteji yake mara 3.3.

Mbona basi picha ya kichwa haiboreki mara 3.3?

Kwa sababu kichwa nacho kinatoa kelele. Ubongo, misuli na majimaji yanayouzunguka ubongo vina chumvi, vinapitisha umeme, na viko kwenye 310 K. Koili inaposikiliza protoni, yaani viini vya haidrojeni, inasikia pia kelele ya tishu hizo, na mgonjwa hapozwi. Unachoweza kupunguza ni ile sehemu ya kelele inayotoka kwenye koili yenyewe, basi.

Sehemu hiyo hupimwa kwa namba moja, ambayo hapa tutaiita uwiano wa Q: Q ya koili ikiwa tupu, ukigawanya kwa Q ya koili ikiwa na kichwa. Q ni kipimo cha ubora wa koili: kadiri upotevu wa nishati ulivyo mdogo ndivyo Q inavyokuwa kubwa. Uwiano ukiwa 2, koili na kichwa vina ukinzani sawa. Ukiwa 10, kichwa kina sehemu tisa na koili moja.

Sasa weka hesabu ya 77 K, bila kuhesabu kelele ya amplifaya wala umbali unaoongezwa na ukuta wa chombo cha baridi. Uwiano wa Q wa 1.2 unakupa karibu asilimia 99 zaidi ya ubora wa ishara, yaani ishara ukigawanya kwa kelele. Uwiano wa 2 unakupa asilimia 34. Uwiano wa 5 unakupa asilimia 10. Uwiano wa 10 haufikishi hata 5. Muda wa kupima hufuata mraba wa namba hizi: asilimia 34 inatosha kushusha kipimo cha dakika 10 hadi dakika 5.6 kwa ubora uleule, na asilimia 99 inakishusha hadi dakika mbili na nusu.

Pima uwiano wa Q kabla ya kununua hata bomba moja la kriostati, yaani chombo cha kuiweka koili kwenye baridi. Miradi mingi ya kupoza ingeamuliwa mezani kwa nusu saa kama kipimo hiki kingefanywa mwanzoni.

Nitaupimaje uwiano wa Q?

Kichanganuzi kidogo cha mezani kama NanoVNA kinatosha. Tengeneza vitanzi viwili vya waya vyenye kipenyo cha sentimita 2, vilaze kimoja kikiwa kimefunika sehemu ya kingine, uvisogeze hadi visikilizane kidogo iwezekanavyo. Kimoja kiende mlango wa kwanza, kingine wa pili. Vishike juu ya koili na uviinue hadi kilele cha mkunjo wa S21 (kiasi cha ishara kinachovuka kutoka mlango wa kwanza hadi wa pili) kiwe karibu −40 dB; vikikaa karibu mno vitaila Q unayotaka kuipima. Soma masafa ya kilele, kisha upana wa mkunjo kwenye dB 3 chini yake. Masafa gawanya kwa upana ndiyo Q. Koili ya Q 300 kwenye 64 MHz ina upana wa kHz 213, kwa hiyo weka dirisha la MHz 2 na nukta za kutosha.

Amplifaya iwe imetolewa, na diodi za kuzima koili zisiwe na mkondo. Kwa kichwa cha majaribio tumia chupa ya plastiki ya lita 2 au 3 yenye maji na gramu 3 za chumvi ya mezani kwa kila lita. Maji hayo hupitisha takriban nusu siemensi kwa mita, karibu na ubongo kwenye 64 MHz.

Angalia pia masafa yanavyohama unapoleta chupa. Yakishuka sana, sehemu ya upotevu ni uga wa umeme wa kapasita unaoingia kwenye maji, na huo unaweza kuuondoa kwa kugawa kapasita sehemu nyingi zaidi kuzunguka kitanzi. Usiuhesabu kama kelele ya kichwa isiyoepukika.

Mwisho, rudia kipimo koili ikiwa ndani ya mashine. Ngao ya shaba na sumaku yenyewe vinaongeza ukinzani ulio kwenye joto la chumba, na huo hautapozwa na nitrojeni yako.

Ni mashine zipi zinazofaidika?

Ukinzani unaoletwa na kichwa hupanda kwa mraba wa masafa. Ule wa koili hupanda kwa kipeuo cha pili tu. Kwa hiyo jinsi sumaku inavyokuwa na nguvu ndivyo kichwa kinavyotawala kelele. Haidrojeni huitika kwa 42.58 MHz kwa kila tesla: 2.1 MHz kwenye 0.05 T, 23.4 kwenye 0.55 T, 63.9 kwenye 1.5 T, 127.7 kwenye 3 T na 298 kwenye 7 T. Ukubwa wa kitanzi nao una neno. Ukipunguza kipenyo cha kitanzi cha juu ya ngozi kwa nusu, ukinzani wa kichwa hushuka karibu mara 8 lakini wa koili mara 2 tu.

Wanaofaidika, basi, ni wa aina tatu. Wa kwanza ni mashine za uga mdogo. Wa pili ni koili ndogo sana, na ndiyo maana mafanikio makubwa ya kibiashara yako kwenye ubongo wa panya: CryoProbe ya Bruker hutumia heliamu baridi inayozunguka, koili ikiwa karibu na 30 K, na huongeza ubora wa ishara takriban mara 2.5 kwenye 9.4 T. Wa tatu ni viini vingine visivyo haidrojeni. Sodiamu kwenye 3 T iko 33.8 MHz na kaboni-13 iko 32.1 MHz, ishara yao ni dhaifu na masafa ni ya chini, hivyo kila asilimia inahesabika.

Tuna koili ya kichwa ya chaneli 32 kwenye 3 T. Tuipoze?

Hapana. Kichwa kimeshatawala kelele kwenye vitanzi vya ukubwa huo, na unene wa kriostati utavisogeza mbali na fuvu. Utalipa kwa umbali zaidi ya unachopata kwa baridi. Fedha hiyo iende kwenye koili inayobana kichwa vizuri zaidi.

Na mashine ya 0.05 T ya kichwa, zile za sumaku za kudumu?

Hapa ndipo swali lina uzito kwa Afrika Mashariki. Mwaka 2022 mashine ya takriban 0.05 T yenye sumaku ya mpangilio wa Halbach (sumaku ndogo za kudumu zilizopangwa kwenye duara) iliunganishwa papo hapo Mbarara, Uganda, kwenye chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha huko, kwa ushirikiano na wenzao wa Leiden, Uholanzi. Kwenye masafa ya 2 MHz koili ya kichwa husikia kelele yake yenyewe kuliko ya kichwa, na uwiano wa Q hukaa karibu na 1. Kwa hesabu tupu, hii ndiyo mashine ya kupoza. Lakini vikwazo vitatu huja pamoja na faida hiyo, na vyote vitatu lazima vitatuliwe.

Cha kwanza ni upana wa masafa. Koili yenye Q 200 kwenye 2.13 MHz ina upana wa kHz 10.6. Baridi ikiipandisha Q hadi 500, upana unabaki kHz 4.3. Picha za mashine hizi mara nyingi huchukuliwa kwa upana wa kHz 20 au zaidi kwa sababu sumaku si sawia kila mahali. Kingo za picha zitafifia. Usiweke kipingamizi cha kawaida ili kuipanua koili, maana kipingamizi hicho kiko kwenye joto la chumba na kitarudisha kelele uliyoiondoa. Njia sahihi ni amplifaya yenye kelele ndogo inayoitiisha koili kwa mrejesho, kisha kusawazisha mwitiko kwenye kompyuta. Kelele ya koili yenyewe hufuata mkunjo uleule wa ishara, kwa hiyo pembeni ubora unabaki mzuri mradi kelele ya amplifaya ni ndogo kuliko ya koili hata pale kwenye kingo.

Cha pili ni sumaku. Sumaku ya kudumu ya neodimiamu hupoteza takriban asilimia 0.11 ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayopanda. Kwenye 2.13 MHz hiyo ni kHz 2.3 kwa nyuzi moja, yaani zaidi ya nusu ya upana wa koili tuliyoitaja. Mvuke baridi wa nitrojeni ukimwagikia upande mmoja wa sumaku, masafa yanakimbia na usawia unavunjika. Mvuke utolewe kwa bomba lenye kizuia joto hadi nje ya sumaku, na masafa yasomwe upya kila baada ya dakika chache.

Cha tatu ni kelele ya nje. Chaja, taa za LED, inveta ya sola na redio za masafa ya kati huingia moja kwa moja kwenye 2 MHz, na mwili wa mgonjwa ni antena nzuri ya kuzileta ndani. Kama ukizima kila kitu kelele inashuka, basi bado hujafika kwenye kelele ya joto na kupoza hakutabadilisha chochote. Malizia kwanza ngao, kitambaa cha kupitisha umeme juu ya mwili, au koili za pembeni za kunasa kelele ya nje ili ipunguzwe kwenye data.

Kuhusu waya: waya wa nyuzi nyingi zilizosukwa, wa Litz, hupenda masafa haya ya chini. Kumbuka tu kwamba kwenye 2 MHz ngozi ya mkondo ni mikromita 45 kwenye joto la chumba na karibu 16 kwenye 77 K. Waya uliochaguliwa kwa matumizi ya chumbani una nyuzi nene mno kwa baridi. Chuo Kikuu cha Aberdeen, Scotland, kilichapisha mwaka 2010 koili ya baridi na amplifaya yake kwa mashine ya 0.01 T, masafa yao yalikuwa kama kHz 425, na huko Litz hufanya kazi vizuri zaidi.

Kriostati iwe na unene gani?

Hili ndilo gumu kuliko yote. Koili ni baridi ya nyuzi −196, kichwa kiko nyuzi 37, na ishara inataka vikae karibu. Kitanzi cha nusu kipenyo cha sentimita 4, kikitazama kina cha sentimita 3, hupoteza karibu asilimia 17 ya ishara ukikisogeza nyuma milimita 5, na asilimia 31 ukikisogeza sentimita 1. Kama koili ndiyo inayotawala kelele, hasara hiyo haifidiwi na chochote. Ndiyo sababu faida ya asilimia 34 huweza kumezwa na ukuta wa sentimita moja. Koili kubwa inayozunguka kichwa kizima haiathiriki sana na umbali huo, na hilo ni jambo jingine linaloipendelea mashine ya uga mdogo.

Povu gumu la sentimita 1 halitoshi. Chukua upitishaji joto wa 0.03 W kwa mita kwa kelvini na hewa tulivu nje: joto linalopita ni karibu W 500 kwa mita ya mraba, na uso wa nje wa povu unafika nyuzi −30 hivi. Ngozi haiwezi kugusa hapo. Sentimita 3 za povu huleta uso karibu na sifuri, na bado unaloa umande. Povu ni la majaribio ya mezani tu.

Kwa mtu, tumia ombwe. Hapo upitishaji wa hewa unaondoka, lakini mnururisho unabaki: kati ya nyuso mbili nyeusi za 300 K na 77 K hupita W 457 kwa mita ya mraba, karibu sawa na lile povu jembamba. Plastiki ya alumini inayotumika kwenye matangi haifai mbele ya koili, kwa sababu alumini hula masafa ya redio; ikitumika ikatwe vipande vidogo visivyogusana. Suluhisho zuri zaidi ni kupunguza eneo lenye baridi. Usipoze sahani nzima. Poza kitanzi cha shaba na kibebeo chembamba cha safaya au nitridi ya alumini, vinavyopitisha joto lakini si umeme. Shaba iliyong'arishwa hupokea mnururisho kidogo. Ukuta wa upande wa kichwa uwe wa faibaglasi au seramiki, na uwe na njia ya kupashwa joto, kama ile mashine ya panya inavyofanya ili mnyama abaki nyuzi 37.

Usiweke vipande vipana vya shaba baridi karibu na koili za gradienti, zile zinazobadilisha uga ili mashine itambue ishara imetoka wapi. Shaba ya 77 K hushikilia mikondo ya kuzunguka mara 8 zaidi ya muda wa kawaida, na mfumo wa mashine wa kufidia mikondo hiyo haukuandaliwa kwa hali hiyo.

Tuanze na jaribio gani la mezani?

Pinda kitanzi cha bomba au waya wa shaba wa milimita 3, kipenyo sentimita 8. Uinduktaji wake ni kama nH 169, na kwa 63.9 MHz unahitaji kapasita ya jumla ya takriban pF 37. Kata kitanzi sehemu nne na uweke kapasita za pF 150 kila mkato. Zikiwa mfululizo zinatoa 37.5. Zote ziwe za seramiki ya C0G, zisizo na nikeli. Za X7R hupoteza uwezo wake kwenye baridi na zina upotevu mkubwa.

Kila kapasita iunganishwe kwa kipande kifupi cha shaba nyembamba iliyopindwa kidogo, isilehemewe ikiwa imenyooka kati ya ncha mbili ngumu. Shaba hunywea asilimia 0.3 kutoka chumbani hadi 77 K na seramiki hunywea kidogo kuliko hapo. Bila pindo, kapasita hupasuka. Tumia risasi ya kulehemu ya mchanganyiko wa bati na risasi, kwani bati tupu huwa dhaifu na la kuvunjika kwenye baridi. Kapasita za kurekebisha zenye Teflon hulegea, kwa sababu Teflon hunywea karibu asilimia 2.

Pima Q ikiwa na joto, tupu na kisha na chupa. Weka kitanzi kwenye sanduku la povu, mimina nitrojeni kidogo kidogo hadi mchemko mkali utulie, pima tena. Masafa yatahama, na bubujiko la nitrojeni litayafanya yachezecheze. Subiri au weka kitanzi juu kidogo ya maji kikiwa kimegusa kibebeo baridi. Tarajia Q kupanda mara 1.5 hadi 2 tu badala ya 2.8. Shaba ya kitanzi hiki ina ukinzani wa ohm 0.055 hivi, na mara nyingi kapasita na viungo vina zaidi ya huo, navyo haviboreki kama shaba. Usikate tamaa kwa hilo. Hata ukinzani usiobadilika kabisa, ukiwa kwenye 77 K, kelele yake ya volteji imekatwa karibu nusu.

Unapomaliza, acha koili ipate joto ndani ya mfuko uliofungwa wenye nitrojeni kavu. Ukiitoa hewani Mombasa au Dar, barafu itajaa kwenye viungo ndani ya dakika chache, na maji yake yataonekana kwenye picha inayofuata.

Amplifaya nayo ipozwe?

Inategemea imebaki kelele kiasi gani. Amplifaya yenye kigezo cha kelele cha dB 0.5 ina joto la kelele la K 35. Ya dB 0.3 ina K 21. Kichwa kikichangia nusu ya ukinzani, K 35 ni nyongeza ndogo. Kwenye koili ya 77 K isiyo na mzigo, ni karibu nusu ya kelele ya koili yenyewe, na hapo kupoza kuna maana. Transista za galiamu-aseniki huendelea kufanya kazi kwenye 77 K. Nyingi za silikoni za baipola hupoteza ukuzaji. Joto la amplifaya nalo lihesabiwe kwenye matumizi ya nitrojeni. Kama inabaki nje, kebo kati yake na koili iwe fupi, kwani kila upotevu wa kebo yenye joto unaongeza kelele baada ya kazi yote ya kupoza.

Je, diodi za kuzima koili wakati wa kurusha zinafanya kazi kwenye baridi?

Nyingi hufanya, lakini zipimwe moja moja. Diodi ya silikoni inayofunguka kwa V 0.7 chumbani huhitaji takriban V 1 kwenye 77 K. Chanzo cha mkondo chenye volteji ndogo kitashindwa kuifungua, na koili itabaki hai wakati wa kurusha. Hiyo ni hatari kwa mgonjwa na kwa amplifaya, na Q kubwa inaizidisha. Weka diodi mbili za kinyume kama kinga ya pili isiyohitaji umeme. Upimaji wa kuzimika ufanywe koili ikiwa baridi; matokeo ya chumbani hayatoshi.

Barafu kavu haiwezi kutosha?

Kwa kujifunza, inatosha. Kwenye 195 K ukinzani wa koili hushuka hadi karibu asilimia 79 ya ule wa chumbani, na faida ya juu kabisa, kichwa kikiwa hakichangii chochote, ni asilimia 38 hivi. Ni rahisi kubeba, lakini haigusi koili sawasawa, na gesi yake hutuama sakafuni.

Superkondakta na heliamu?

Oxford walionyesha tangu 1984 koili na amplifaya zilizopozwa kwa heliamu ya maji, kwa kazi ya kemia. Mwaka 1993 Wamarekani walichapisha kwenye jarida la Science koili ya YBCO kwa picha za vitu vidogo sana. YBCO, seramiki ya yitriamu, bariamu, shaba na oksijeni, huwa superkondakta (hupitisha umeme karibu bila ukinzani) chini ya takriban 92 K, kwa hiyo nitrojeni inatosha. Kwa kichwa, hata hivyo, pale kichwa kinapokuwa tayari ndicho kelele kubwa, kutoka shaba baridi kwenda superkondakta kunaongeza kidogo sana. Filamu zake pia huharibu usawia wa uga zisipolazwa sambamba na uga mkuu, na Q yao kubwa mno inarudisha tatizo la upana wa masafa kwa ukali zaidi.

Nitrojeni itatumika kiasi gani, na itapatikana wapi?

Kila wati moja inayoingia huchemsha mL 22 kwa saa. Kriostati yenye mzigo wa W 20 inakula mL 450 kwa saa. Kumwaga kwa mara ya kwanza, pamoja na kupoza chombo chenyewe, huongeza lita moja au mbili.

Mbali na wauzaji wa gesi za viwandani, vituo vya uhimilishaji wa ng'ombe huzalisha nitrojeni kwa ajili ya mbegu: kituo cha taifa cha Usa River, Arusha, na kile cha Kabete, Kenya. Mitungi yao huwa ya alumini, na hilo ni jema karibu na sumaku, lakini pitisha sumaku ndogo ya mkononi kwenye mpini, skrubu na magurudumu kabla ya kuingia chumbani.

Hatari zake ni zipi?

Lita moja ya nitrojeni ya maji huwa karibu lita 695 za gesi. Lita 10 zikimwagika kwenye chumba kilichofungwa cha mita za ujazo 30, oksijeni hushuka hadi karibu asilimia 16, na ikizidi kushuka mtu anaweza kuanguka bila kuhisi chochote kabla. Kipima oksijeni kilie kwenye 19.5, na bomba la mvuke litoke nje ya jengo. Kriostati iwe na vali ya usalama, maana barafu ikiziba mdomo chombo hupasuka. Ukuta wa nje ukianza kutoa umande, ombwe limevuja: mtoe mgonjwa kwanza, uchunguzi baadaye.

Koili ya kujitengenezea haiwekwi kichwani kwa mtu bila kibali cha maadili ya utafiti na cha mamlaka ya vifaa tiba; kwa Tanzania ni NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba).

Q imepanda vizuri lakini picha haijaboreka. Tatizo liko wapi?

Kwanza angalia ulilinganisha na nini. Ulinganisho wa haki ni koili ya joto iliyobana kichwa kabisa dhidi ya koili baridi ikiwa na ukuta wake wote. Kulinganisha koili moja ndani ya kriostati ileile, ikiwa joto kisha baridi, huficha hasara ya umbali.

Kisha chukua data bila kurusha na utazame kelele peke yake. Kama haikushuka baada ya kupoza, ama kelele ya nje inatawala, ama amplifaya. Tenganisha koili na uweke kipingamizi cha ohm 50 kwenye amplifaya, mara kikiwa na joto la chumba, mara kikiwa kwenye nitrojeni. Amplifaya nzuri itaonyesha kelele ikishuka wazi. Ikibaki palepale, kosa ni lake. Kama kelele imeshuka lakini ishara nayo imeshuka, pima masafa ya koili ikiwa baridi ndani ya mashine: kuhama kwa asilimia nusu kwenye 64 MHz ni kHz 320, na koili yenye Q 600 ina upana wa kHz 107 tu. Rekebisha kapasita chumbani ili koili iwe nje ya masafa ikiwa na joto, na iangukie mahali pake inapofika 77 K.